Si Kila Gari Ni Basi la Shule

Mwalimu Nelva Hoekzema alikuwa wa kwanza kufika shuleni asubuhi na wa mwisho kuondoka. Shule yenyewe ilikuwa ndogo. Ilikuwa shule ya kanisa katika mji mdogo wa Zuidveld, kati ya mashamba ya mahindi na soya, katikati ya Marekani. Wanafunzi hawakuzidi sabini. Nelva alikuwa mwalimu mkuu. Alifundisha hesabu pia. Choo kikiziba, alikizibua. Theluji ikijaa mlangoni, aliizoa kwa koleo.

Timu ya wasichana ya mpira wa kikapu ilipokuwa na mechi ya mbali, Nelva ndiye aliyehangaika kutafuta usafiri. Wazazi walileta magari yao. Mmoja alichelewa, mwingine alipotea njia, wa tatu alisahau kabisa kuja.

"Tununue gari letu," Nelva aliiambia halmashauri ya shule. "Moja tu, litakalowabeba wote."

Halmashauri ikakubali. Akaenda mji wa jirani, kwa muuzaji wa magari aitwaye Curt Ringelberg. Walisali kanisa moja. Curt alimwonyesha gari jipya, jeupe, refu, la abiria kumi na tano pamoja na dereva.

"Hili ndilo," Nelva alisema. "Halihitaji hata leseni ya basi, sivyo?"

"Halihitaji," Curt akajibu. Kisha akakuna kichwa. "Lakini Mwalimu, nina swali. Karatasi inataka nikuulize. Litabeba wanafunzi?"

"Kwa nini?"

"Kama ni la wanafunzi, siruhusiwi kukuuzia. Sheria."

Nelva akakunja uso. "Hatuwachukui majumbani kwao, Curt. Ni mechi tu."

"Mechi nazo zimo." Curt aliangalia mlangoni, akapunguza sauti. "Ila kanisa letu lina wazee wengi. Wazee nao wanahitaji kupelekwa ibadani. Au nasema uongo?"

Wakatazamana. Nelva angeweza kuuliza, "Sheria hiyo inasemaje? Iliwekwa kwa nini?" Hakuuliza. Hakuuliza kwa sababu hakutaka kujua. Alichukua kalamu, na pale palipoandikwa "matumizi ya gari", akaandika: *Kuwabeba wazee wa kanisa.* Akatia saini.

Jioni ile jirani yake, Mzee Wendell Plagge, alimwona akiliingiza gari uani. Wendell alikuwa dereva wa basi la shule ya serikali. Alikuwa ameendesha basi la manjano kwa miaka thelathini na moja.

"Jirani!" akaita. "Umenunua mkate mkubwa hivyo! Utaukata na kisu gani?"

Nelva akacheka. "Heri mkate mweupe kuliko debe lako la manjano. Debe tupu ndilo livumalo, Mzee."

"Livume tu, mama. Debe langu lina mifupa." Alilizunguka lile gari jeupe, akagonga paa kwa kidole. Akaacha kucheka. "Ni la nini hasa?"

"La kanisa," Nelva alisema, akaingia ndani upesi.

Huo ulikuwa uongo wa pili.

*

Gari lilifanya kazi miaka mitatu bila tatizo. Wazee wa kanisa hawakulipanda hata siku moja.

Jumamosi moja ya mwisho wa Februari, timu ilikuwa na mechi ya mtoano. Kocha alitangulia kwa gari lake. Nelva aliwabeba wasichana kumi na wawili. Mikoba, mipira na sanduku la chakula vilirundikwa nyuma. Jua la adhuhuri liliwaka juu ya theluji. Upepo ulivuma kutoka magharibi. Wasichana waliimba.

Maili ishirini kabla ya kufika, tairi la nyuma la kushoto likapasuka.

Nelva alisikia mlio kama wa bunduki. Mkia wa gari ukavutwa upande. Alikata usukani, gari likakataa. Lilipanda ukingo wa barabara, likabingirika mara moja, likalala ubavu mtaroni.

Kukawa kimya. Kisha akasikia mtoto analia, kisha wa pili, kisha wengi.

Nelva alikuwa ananing'inia kwenye mkanda wake. Damu ilimtoka puani. "Nijibuni!" akapiga kelele. "Kila mmoja ataje jina lake!"

Wakataja. Alihesabu kumi na moja.

"Annika? Annika Terpstra!"

Annika alikuwa na miaka kumi na sita. Alikuwa ameketi kiti cha nyuma kabisa. Alikuwa amefungua mkanda dakika ile ile ili achukue maji kwenye mkoba. Paa lilikuwa limebonyea juu yake. Macho yake yalikuwa wazi lakini hakusema kitu.

Basi la manjano likaja na kusimama. Lilikuwa la Mzee Wendell. Alikuwa anawapeleka watoto wa bendi ya shule ya serikali kwenye mashindano. Aliwasha taa za tahadhari, akapanga pembetatu barabarani, akapiga simu. Kisha akashuka mtaroni, akapiga magoti kwenye theluji. Alivunja kioo cha nyuma kwa nyundo.

"Jirani, unanisikia? Watoe wanaoweza kutembea. Huyu wa nyuma msimguse. Nitakaa naye mimi."

Wasichana waliingizwa ndani ya basi. Watoto wa bendi waliweka tarumbeta zao chini, wakavua makoti na kuwavisha. Nelva alisimama kwenye ngazi za lile basi alilowahi kuliita debe.

*

Annika alivunjika mguu mahali pawili na mbavu tatu. Madaktari walimpasua mara mbili. Wasichana wengine walikuwa na michubuko na majeraha ya vioo. Mmoja alivunjika kifundo cha mkono.

Hospitalini, mama yake Annika, Joyce, alimkumbatia Nelva huku akilia.

"Mungu akubariki, Mwalimu. Angekuwa mtu mwingine kwenye usukani ule, tungekuwa tunazika leo."

Baba yake, Berend, alikuwa mkulima asiyesema sana. Alimshika Nelva mkono kwa mikono yake miwili. "Asante," alisema. "Asante sana."

Nelva alitamani wamtukane. Tusi angelivumilia. Shukrani ile ilimwingia kama msumari.

Jumapili kanisani, mchungaji alitaja jina lake. Watu wote wakasimama, wakapiga makofi. Nelva alitazama viatu vyake. Safu mbili mbele yake Curt Ringelberg alikuwa anapiga makofi pia, lakini hakugeuka. Ibada ilipokwisha, Nelva alipitia mlango wa nyuma. Hakutaka kumpa mtu mkono.

Usiku wa siku hiyo na wa siku iliyofuata hakupata usingizi. Jumanne alivuka barabara, akaenda kwa Mzee Wendell. Mzee alikuwa anafagia ndani ya basi lake.

"Panda, jirani. Futa miguu."

Nelva alipanda. Hakujua aanzie wapi. "Nataka kujua kitu," alisema. "Lile gari lina kosa gani? Tairi linaweza kupasuka kwenye gari lolote."

"Linaweza," Wendell alisema. "Hata langu. Keti hapo. Hapana, usiketi mbele, keti katikati."

Nelva akaketi. Kiti cha mbele yake kilikuwa na mgongo mrefu, uliojazwa sponji nene. Kilikuwa karibu na magoti yake.

"Unaona kilivyo karibu?" Wendell aliuliza. "Watu hudhani tunawabana watoto ili tujaze wengi. Sivyo. Basi likigonga, mtoto hatupwi mbali. Anaangukia sponji. Ni kama mayai kwenye trei. Sasa inua mkono, gusa paa."

Aligusa.

"Humo ndani mna vyuma vilivyopinda kama mbavu. Hilo paa limepimwa. Basi likilala chali, halitakiwi kumbonyea mtoto. Mabati ya ubavuni yamefungwa pamoja ili yasifunguke. Tangi la mafuta lina ngao. Milango ya dharura ile pale nyuma, na madirisha yale yanasukumwa nje. Gari lako lilikuwa na kipi katika hivyo?"

Nelva aliliona tena paa lililobonyea juu ya Annika.

"Tena lile gari lako lina tabia yake," mzee aliendelea. "Likiwa na watu wanne, linatulia. Ukilijaza watu na mizigo, uzito wote unakaa juu na nyuma. Tairi likipungua upepo au likizeeka, gari linapinduka kwa urahisi. Matairi yale ulibadilisha lini?"

"Sijabadilisha. Yalionekana mazima."

Wendell akahema. Akaketi kiti cha upande wa pili.

"Basi sikiliza, jirani. Kuna sheria za aina mbili, na watu huzichanganya. Serikali kuu ndiyo inayosema basi ni nini. Gari lililoundwa kubeba zaidi ya watu kumi, hilo ni basi, hata kama lina sura ya mkate. Na basi likiuzwa kwa kubeba wanafunzi, kwenda shule au kurudi, au kwenda kwenye shughuli za shule, hilo ni basi la shule. Sharti liundwe kama hili."

"Hata kama ni mechi?"

"Mechi, safari ya masomo, kwaya. Mtoto hawi mgumu zaidi kwa sababu anakwenda kucheza. Sheria hiyo inambana anayeunda na anayeuza gari jipya. Mnunuzi haimgusi."

"Na jimbo?"

"Jimbo ndilo linalosema nani aendeshe na liendeshwe vipi. Leseni gani, mafunzo gani, daktari akupime lini, basi likaguliwe mara ngapi, magari mengine yasimame wapi taa zangu nyekundu zikiwaka. Kila jimbo lina yake. Ukivuka mpaka, unasoma upya. Lakini sheria ya kuuza haitegemei jimbo. Nchi nzima, muuzaji haruhusiwi kuiuzia shule gari jipya kama lile." Alimtazama. "Ndiyo maana nimekuwa nikijiuliza. Muuzaji hakukuuliza litabeba nani?"

Nelva aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa sponji ya kiti.

"Aliniuliza."

"Ukamwambiaje?"

"Niliandika wazee wa kanisa." Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mwanafunzi aliyekamatwa. "Kwa mkono wangu, Mzee. Na wewe nilikudanganya hapo uani."

Wendell hakumkemea. Hilo nalo lilimuuma.

"Mimi si wa kuambiwa hayo," alisema mwishowe. "Wenye kuambiwa wapo. Unawajua."

*

Hospitalini, Berend na Joyce walikuwa wameketi pande mbili za kitanda. Annika alikuwa amelala. Nelva hakuketi. Alisema yote akiwa amesimama: swali la Curt, karatasi, saini, wazee wa kanisa.

"Nilijua kuna sheria," alisema. "Sikutaka kujua ni ya nini. Mlinishukuru. Sistahili shukrani."

Joyce alifunika mdomo. Berend aliinuka polepole.

"Nilikushika mkono," alisema. "Mbele ya watu. Nilikushika mkono."

"Ndiyo."

"Toka."

Nelva akatoka. Kwenye lifti mlikuwa na muuguzi mmoja; Nelva akageukia ukutani ili asionekane uso.

Wiki iliyofuata alisimama mbele ya wazazi wote, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Kahawa ilikuwa mezani, keki hazikuguswa. Alirudia maneno yale yale. Alipomaliza, mzazi mmoja akasema, "Jamani, tusimwonee. Kila shule ndogo inafanya hivyo."

"Ndiyo maana nimesimama," Nelva alijibu. "Na mimi nilijiambia hivyo hivyo."

Alitaka kujiuzulu. Halmashauri ilikataa, lakini ilimvua kazi ya kubeba watoto. Mkaguzi wa jimbo alikuja, akaiandikia shule onyo na kulipiga marufuku gari la namna ile kwa wanafunzi. Nelva mwenyewe aliiandikia ofisi ya serikali kuu barua kuhusu namna gari lilivyouzwa. Hakuficha sehemu yake. Lakini sheria ilimkamata Curt, haikumkamata yeye. Curt alifukuzwa kazi.

Walikutana posta.

"Umejisafisha, Mwalimu?" Curt alimuuliza mbele ya foleni nzima. "Kalamu ilikuwa ya nani, yangu au yako?"

"Karatasi ilikuwa yako. Kalamu ilikuwa yangu," Nelva alisema. Masikio yalimwaka moto. Foleni ilikuwa ndefu, naye akabaki humo.

*

Majira yale ya joto shule haikununua gari jipya. Mzee Wendell aliwatafutia basi lililotumika, la shule moja kubwa ya upande wa mashariki.

"Hili linaitwa basi la shughuli za shule," aliieleza halmashauri. "Mwili wake ni ule ule wa basi la shule. Paa, viti, tangi, vyote vimepimwa. Tena kwa kuwa ni dogo, kila kiti kina mkanda. Kinachokosekana ni taa nyekundu za kumulika na ule mkono wa kusimamisha magari. Kwa hiyo msithubutu kuchukua watoto kando ya barabara nalo. Kutoka shuleni hadi mechi, na kurudi shuleni. Basi."

"Na dereva?" mwenyekiti aliuliza.

"Linabeba watu zaidi ya kumi na tano. Dereva awe na leseni ya magari makubwa, yenye kibali cha abiria na kibali cha basi la shule. Jimbo litampima afya na kuchunguza rekodi yake. Kisha atakwenda mafunzo."

Watu wakatazamana. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mwisho mwenyekiti akasema, kama mtu anayeng'olewa jino, "Mwalimu Nelva. Ukifaulu kila kitu, na wazazi wakikubali."

Nelva alikuwa na miaka hamsini na sita. Alijifunza na vijana wa kuendesha malori, ambao walimwita "Bibi". Kila asubuhi ya Jumamosi Wendell alilizunguka basi naye, akimfundisha kulikagua.

"Unasahau nini?"

"Sijasahau kitu."

"Hujashika tairi la ndani. Kuna mawili nyuma kila upande, bibi harusi. Usiangalie kwa macho tu. Macho ndiyo yaliyokuponza."

Mtihani wa kwanza alianguka. Alisahau kuufungua mlango wa dharura wakati wa ukaguzi. Mtahini alifunga daftari lake, akasema, "Rudi baada ya wiki mbili." Nelva alirudi nyumbani na kuwaambia walimu wenzake waziwazi kwamba ameanguka. Alikuwa amechoka kuficha. Mara ya pili akafaulu.

Mechi ya kwanza ilikuwa mwishoni mwa Septemba, ya mpira wa wavu. Annika hakucheza. Alitembea kwa fimbo. Lakini kocha alimpa kazi ya kuandika alama, na alikuja na kitabu chake kifuani. Nyuma yake alikuja Berend.

Tangu siku ile ya hospitali, Berend hakuwa amesema neno na Nelva. Wasichana wakanyamaza. Berend alilizunguka basi. Alipiga magoti, akashika matairi yote, ya nje na ya ndani. Alifungua mlango wa nyuma, king'ora kikalia, akaufunga. Alipanda. Alisukuma dirisha la dharura. Aliketi kwenye kiti, akaingiza ngumi kwenye sponji ya mgongo wa mbele. Nelva alisimama chini, mikono pembeni, kama mwanafunzi nje ya ofisi.

"Matairi yana umri gani?" Berend aliuliza kutoka ndani.

"Mapya. Ya Agosti."

"Nani huyakagua?"

"Mimi, kabla ya kila safari. Naandika na kutia saini. Mkaguzi wa jimbo naye amelipitisha."

Neno "saini" lilipomtoka, uso ulimwiva. Berend alilisikia. Aliliacha likae hewani.

"Na leo anaendesha nani?"

"Ni mimi. Nina leseni. Ukikataa, hatuendi. Nitawapigia wenyeji simu sasa hivi."

Berend akaja mlangoni mwa basi. Alimtazama kutoka juu.

"Nimekuchukia miezi saba, Mwalimu."

"Najua."

"Bado sijamaliza."

"Najua, Berend."

Alitazama barabara. Kisha akarudi ndani, akaketi kiti cha kwanza, nyuma tu ya kiti cha dereva. Akafunga mkanda, akauvuta mara mbili.

"Annika," akaita. "Njoo ukae hapa na mimi. Nanyi wengine pandeni, mnangoja nini?"

Walikwenda maili thelathini. Nelva hakuzidisha mwendo hata kidogo. Macho ya Berend aliyasikia kisogoni njia nzima. Kwenye njia ya reli alisimama, akafungua mlango na dirisha, akasikiliza, ndipo akavuka. Hakuna aliyeimba wakati wa kwenda.

Walifungwa seti tatu kwa moja. Wakati wa kurudi, jua likiwa bado halijazama, msichana mmoja alianzisha wimbo wa kijinga kuhusu mwamuzi. Wenzake wakaitikia. Annika naye akaitikia, akipiga fimbo yake sakafuni. Basi lilirudi shuleni, likasimama mahali pake. Wasichana walishuka mmoja mmoja. Nelva alitembea hadi kiti cha mwisho na kurudi, akihakikisha hakuna aliyebaki.

Berend alikuwa anamngoja chini.

"Jumanne kuna mechi nyingine?" aliuliza.

"Ndiyo. Ya ugenini."

Berend aliitikia kwa kichwa, akavaa kofia yake.

"Jumanne tunavuna soya," alisema. "Mimi sitaweza kuja. Annika atapanda peke yake."